Watu wa Kujitolea Waokoa Njia na Magofu

Katika nchi ya Uingereza wako watu ambao siku zao za mapumziko huzitumia kwa kufanya kazi ya jasho bila mshahara. Wengi wao ni wazee waliokwisha kustaafu. Huchukua koleo na sururu, wakapanda milimani kutengeneza njia za miguu, na wengine huyaangalia magofu ya kale yasizidi kubomoka.

Mtu aweza kuuliza, je, njia ya miguu hudhurika vipi? Jawabu ni kwamba maadui zake ni wawili, nyayo na maji. Mahali wapitapo watu wengi majani hufa, na udongo hubaki wazi. Mvua inyeshapo, maji huifuata njia na kuichimba. Wapitaji nao hulikwepa tope kwa kupita kando, na majani ya kando yakafa pia. Hivyo njia iliyokuwa nyembamba hugeuka korongo pana, na udongo wa mlimani huchukuliwa hadi mitoni. Kila mkulima wa mlimani anaufahamu msiba huo.

Sehemu iitwayo Lake District, kaskazini mwa Uingereza, ina milima, maziwa na mvua nyingi sana. Tangu mwaka 2001 iko kazi huko iitwayo Fix the Fells, ambayo kwayo mafundi wa kulipwa hushirikiana na watu wa kujitolea. Mafundi huanza chini ya mteremko na kwenda juu, wakiyachimbia mawe hata sehemu kubwa ya kila jiwe iwe ardhini, nayo yashikane. Mawe yasipopatikana karibu, huletwa kwa helikopta. Kazi ya wanaojitolea yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayohifadhi ile kubwa. Wao hutembea njiani wakizibua mifereji iliyojaa kokoto na majani. Mfereji mmoja ukiziba, mvua ya usiku mmoja yaweza kuharibu kazi ya siku nyingi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Hata magofu yako hivyo. Ukuta wa Hadrian, ambao Warumi walianza kuujenga mwaka 122 baada ya Kristo, ulikuwa na urefu wa kilomita 117 hivi. Njia ya miguu inayoufuata ilifunguliwa mwaka 2003. Chini ya majani ya njia hiyo mna misingi na vitu vya kale visivyochimbuliwa bado. Njia ikichimbika, habari za watu wa zamani hupotea milele, maana jiwe likiisha kuondolewa mahali pake haliwezi kueleza tena lilikuwa la nini. Kwa hiyo watu wa kujitolea huikagua njia, na wapitaji huombwa wasikanyage juu ya ukuta.

Iko na hatari nyingine, nayo ni pupa. Mwenye nia njema aweza kutaka kulijenga gofu upya lipendeze. Mwaka 1877 William Morris na wenzake waliunda chama mjini London cha kulinda majengo ya kale, wakafundisha kwamba ni afadhali kutengeneza palipoharibika mapema kuliko kujenga upya kwa kubuni. Saruji nayo mara nyingi haifai, kwani huwa ngumu kupita mawe ya kale na huufungia unyevu ndani. Chokaa huuacha utoke. Watu wa pwani ya Kenya wanaifahamu chokaa, maana ndiyo iliyoshikanisha mawe ya matumbawe katika magofu ya Gedi.

Basi anayejitolea si lazima awe fundi. Yampasa kufuata maagizo ya fundi, asiondoe jiwe bila ruhusa, na kurudi tena mvua zikiisha, kwa kuwa mfereji uliozibuliwa mwaka huu utajaa tena mwaka ujao.