Wimbo wa Tanganyika Si Adui wa Muungano

Ukimwuliza mpenzi yeyote wa muziki wa dansi Tabora iliipa nchi hii nini, atakujibu papo hapo: "Rangi ya Chungwa" ya Nyanyembe Jazz na "Dada Asha" ya Tabora Jazz. Jibu hilo ni la haki. Lakini mji huo huo ulikuwa pia na Kiko Kids, bendi iliyoongozwa na Salum Zahoro, na bendi hiyo ilituachia wimbo ambao leo wengi hawaujui: "Tanganyika na Uhuru".

Wimbo huo tuliusikia karibuni katika arusi huko Ntalikwa, mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora. Kijana mmoja aliupiga kutoka katika simu yake. Wazee wakatulia, mmoja akaanza kuyumba taratibu kitini. Lakini bwana mmoja wa makamo, mtumishi wa umma, alimnong'oneza mwenzake kwamba wimbo wenye jina hilo ungefaa uachwe, usije ukaleta maneno. Kijana alisikia, akaubadili. Mzee aliyekuwa akiyumba akainamisha kichwa.

Tumeona tusilinyamazie jambo hilo. Tunaandika kwa ajili ya ndugu zetu wa Visiwani na kwa ajili ya watumishi wa Serikali, kwa kuwa hofu ile inawahusu wote wawili.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar ilipata Uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ikafanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili mwaka huo nchi mbili zikaungana. Basi Tanganyika kama dola huru iliishi miaka miwili na miezi minne na ushei. Wimbo wa Kiko Kids ni sauti ya zama hizo fupi. Kuuficha kwa sababu ya jina lake ni sawa na mtu kuficha cheti chake cha kuzaliwa kwa kuwa sasa ameoa. Anayeoa hakani kwao, na mkataba wa ndoa hauna maana ila kwa kuwataja wawili walioufunga.

Wala haikuwa ajabu wimbo kama huo kutoka Tabora. Ni katika mji huo, mwezi Januari 1958, ambapo Mkutano Mkuu wa TANU ulikata shauri la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Sharti lile lilikuwa chungu, na wapo waliotaka lisusiwe. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma na kufundisha katika mji huo, aliwashawishi wajumbe walimeze. Historia imeliita shauri lile Uamuzi wa Busara. Mji ulioiona busara ikipandwa ulikuwa na haki ya kuimba wakati wa mavuno.

Na uliimba kwa namna yake. Huu si wimbo wa gwaride. Ni wimbo wa bendi ya dansi, ya vijana waliokulia katika zama za santuri za rumba ya Cuba, na Zahoro alisifika kwa mandolini yake, chombo ambacho bendi nyingi za dansi hazikukitegemea. Hapo ndipo tunapoona thamani yake. Tangazo la Uhuru lilisomwa na viongozi, lakini Uhuru wenyewe ulithibitika pale watu wa kawaida walipoweza kulitaja jina la nchi yao huku wakicheza, bila ya kuamrishwa wala kukatazwa.

Ndugu zetu wa Visiwani huenda wakauliza: wimbo wa Unyamwezi unatuhusu nini? Unawahusu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji ndiyo iliyowafunga Unyanyembe na Unguja karne nzima kabla ya Muungano wowote kuandikwa. Baba yake Tippu Tip alikuwa na makazi yake Ituru, karibu na Tabora. Njia ile ilibeba pembe na ilibeba watumwa, na dhuluma hiyo hatuifichi. Lakini ilibeba pia lugha hii tunayoiandika. Na katika miaka ya 1990, wakongwe wa dansi walipokusanyika katika Shikamoo Jazz, Zahoro alikuwa miongoni mwao, na Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alipata kuimba na bendi hiyo. Wazee hao hawakungoja waraka wa kuwaruhusu kuungana.

Kwa hiyo tunasema wazi. Kanda za zamani huchakaa, na wanaozijua sauti zilizomo wanapungua kila mwaka. Wenye dhamana ya hifadhi za redio na utamaduni hawana budi kuzinakili nyimbo za Kiko Kids na za bendi nyingine za mikoani, na kuandika majina ya wapigaji wangali wapo wa kuyakumbuka. Na ifikapo tarehe 9 Desemba, "Tanganyika na Uhuru" upigwe, Bara na Visiwani. Vivyo hivyo nyimbo za Unguja na Pemba za zama zake zipigwe huku kwetu bila ya mtu kunong'ona.

Muungano wetu umevuka miaka 60. Jengo la umri huo halianguki kwa mlio wa mandolini. Tunamwomba yule bwana wa Ntalikwa, na wenzake wote maofisini, wamwache kijana aurudie wimbo, na mzee auchezee akiwa amekaa kitini, kama alivyoanza.