Tulinde Ganda la Meno Yetu

Mfupa ukivunjika, huunga. Kidonda kikitunzwa, hupona. Lakini jino likitoboka, tundu lile haliwezi kujiziba lenyewe. Kwa nini? Tusome tupate jibu.

Ganda la jino ni nini?

Jino limefunikwa na ganda jeupe na gumu. Wataalamu huliita enameli. Hakuna kitu kigumu kuliko ganda hili katika mwili wa binadamu. Hata mfupa haulifikii. Karibu lote ni madini. Katika kila sehemu 100 za uzito wake, sehemu 96 hivi ni madini.

Lakini ganda hili halina uhai kama mfupa au ngozi. Mwili huliumba mara moja tu, kabla jino halijaota. Baada ya hapo mwili hauwezi kuumba jingine.

Ganda huharibikaje?

Wako watu wanaosema kwamba jino hutobolewa na funza. Si kweli. Katika kinywa cha kila mtu mna vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Tunapokula sukari, navyo hula. Vikiisha kula hutoa asidi, yaani maji makali kama ya ndimu. Asidi hiyo huyeyusha madini ya ganda.

Fanyeni jaribio hili darasani. Kamueni ndimu katika kikombe. Tumbukizeni kipande cha ganda la yai. Mtaona mapovu madogo. Kesho yake kitoeni mkitazame. Kimeanza kuliwa. Ganda la yai na ganda la jino si kitu kimoja, lakini asidi huvila vyote viwili.

Mate ni mlinzi

Mate hupunguza ukali wa asidi na kurudisha madini kwenye ganda. Lakini kazi hiyo huhitaji muda, nusu saa au zaidi. Mtu anayekunywa chai ya sukari pamoja na chakula, kisha akaacha, huyapa mate nafasi. Anayeinywa kidogo kidogo kutwa nzima, au anayemung'unya pipi kila saa, hayapi nafasi.

Dalili ya kwanza

Mara nyingi dalili ya kwanza ni doa jeupe kama chaki. Haliumi. Hapo ganda limepungukiwa madini, lakini halijatoboka. Bado linaweza kuimarika. Dawa ya meno yenye floraidi huyasaidia mate kurudisha madini.

Likitoboka, hakuna dawa ya kusukutua wala mzizi utakaoliotesha tena. Mganga wa meno atalisafisha tundu na kuliziba. Tukingoja mpaka jino litukeshe kwa maumivu, huenda likang'olewa. Basi tusingoje maumivu.

Tufanye nini?

1. Tupige mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Usiku tusikose, kwa sababu tukilala mate hupungua. Tukimaliza tuteme povu, tusisukutue kwa maji mengi.
2. Mtoto wa chini ya miaka 3 atiwe dawa kiasi cha punje ya mchele tu.
3. Mswaki wa mti nao unafaa. Tuutafune ncha mpaka ulainike, tusugue kila jino polepole.
4. Tusisugue meno kwa mchanga, majivu wala mkaa. Vitu hivi hukwangua ganda.
5. Tukila ndimu au ukwaju, au tukinywa soda, tusukutue kwa maji. Tungoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu ganda limelainika.
6. Tusifungue chupa kwa meno.

Meno ya kahawia

Floraidi kidogo hulinda ganda. Ikizidi katika maji ya kunywa, huliharibu. Katika vijiji vingi vya kando ya Mlima Meru, mkoani Arusha, maji yana floraidi nyingi. Watoto wanaoyanywa tangu wadogo huota meno yenye madoa ya kahawia. Huo si uchafu. Ganda liliharibika kabla jino halijaota. Kulisugua kwa mchanga ni kuliongezea madhara.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita 1 ya maji. Kuchemsha maji hakuiondoi. Wanaoishi sehemu hizo wawape watoto wadogo maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliotayarishwa na wataalamu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mfupa huunga, lakini tundu la jino halijizibi?
2. Doa jeupe na tundu vina tofauti gani?
3. Katika nyumba yako, watoto hula vitu vitamu mara ngapi kwa siku? Utabadili nini?