Waya Mbovu, Vipimo Vizuri

Mtu anainua mkono kufungua kabati, na difibrileta iliyopandikizwa chini ya mtulinga wake inampiga mshtuko wa umeme, kisha mwingine. Moyo wake ulikuwa ukidunda sawasawa. Ulioharibika ni waya unaoingia moyoni kupitia mshipa mkubwa, nao hukunjwa na kila pigo, kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Uzi wa ndani ukikatika, ncha zake husuguana na kutoa vurugu za umeme ambazo kifaa huzihesabu kama mapigo ya hatari.

Kifaa hujipima chenyewe kila siku: hupitisha umeme kidogo na kusoma ukinzani wa waya. Waya uliokatika huupandisha. Ganda la silikoni likitoboka, hushuka. Lakini ncha zilizokatika zinaweza kuwa zimegusana saa ya kipimo, halafu zikaachana mgonjwa anapojinyoosha. Ndivyo ulivyokatika waya wa Sprint Fidelis wa Medtronic: ulisitishwa kuuzwa Oktoba 2007, wakati takriban 268,000 zilikuwa zimeshapandikizwa duniani, na kwa wagonjwa wengi mshtuko wa bure ulitangulia onyo lolote.

Waya wa Riata wa St. Jude Medical ulitisha kwa namna nyingine. Nyuzi zake zilikula silikoni kutoka ndani hadi zikachomoza nje. Eksirei ilizionyesha wazi, huku ukinzani mara nyingi ukisomeka wa kawaida. Tena kipimo hutumia volti chache, ilhali mshtuko wa kuokoa maisha hupita volti 700. Ganda lililochakaa linaweza kuvumilia kipimo, kisha likaruhusu shoti wakati ule ule moyo unapouhitaji umeme huo.

Upo pia udanganyifu wa kinyume: skrubu iliyolegea pale waya unapoingia kwenye kifaa huiga waya uliokatika. Kung'oa waya mzima kwa sababu hiyo ni kumhatarisha mtu, kwani mshipa unaweza kuchanika. Ndiyo maana naithamini zaidi rekodi ya mapigo kuliko namba ya ukinzani. Mapigo yaliyopishana kwa milisekunde 140 au chini, yaani zaidi ya 400 kwa dakika, kwa kawaida si ya moyo wa binadamu. Daktari huitazama rekodi hiyo huku mgonjwa akizungusha bega, kisha huilinganisha na eksirei.

Mishtuko ikifuatana, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata akijisikia mzima. Huko, moyo ukiwa chini ya uangalizi, sumaku ikiwekwa juu ya kifaa huzuia vifaa vingi visishtue mpaka iondolewe.