Paka ni Twahara. Kiroboto Wake Je?

Mwezi uliopita mtoto mmoja wa madrasa yetu hapa Kilosa aliugua homa isiyoisha, na kwapani akatoka mtoki. Alikwisha kunyweshwa dawa ya malaria, ilhali kipimo hakikuonyesha malaria. Tabibu alipoutazama mkono wake, aliona mikwaruzo ya kitoto cha paka. Baba mtu akaazimia kumtia paka yule guniani na kumtupa njia ya Mikumi.

Tulimsihi asifanye hivyo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa paka si najisi, naye ametuonya kwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hata akafa kwa njaa. Lakini, ndugu msomaji, twahara ni hukumu ya ibada. Haina maana kwamba paka habebi maradhi. Tukiyachanganya haya mawili, tutamdhulumu paka au tutamdhulumu mtoto.

Mkosaji hasa ni kiroboto. Bakteria aitwaye Bartonella henselae hukaa katika damu ya paka, mara nyingi bila paka kuonyesha dalili yoyote. Kiroboto humnyonya paka, kisha kinyesi chake, cheusi mfano wa pilipili manga iliyosagwa, hubaki manyoyani na kuingia kwenye kucha paka anapojikuna. Akimkwaruza mtu, bakteria hupenya. Wengi hupona bila dawa, bali mwenye kinga dhaifu ya mwili huweza kuugua sana.

Basi mkwaruzo uoshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Matandiko ya paka yafuliwe na kuanikwa juani, na pembe za nyumba zifagiliwe. Paka achanwe kwa chanuo lenye meno yaliyobanana, na viroboto watumbukizwe katika maji ya sabuni.

Ama dawa, aulizwe afisa mifugo kwanza. Mzee mmoja wa Mikumi, kwa nia njema, alimpaka paka wake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Paka alitetemeka usiku kucha, na alfajiri akafa. Ziko dawa, kama permethrini, ambazo ng'ombe na mbwa huzistahimili, lakini ini la paka haliwezi kuzivunja.

Yule mtoto amepona, alhamdulillahi. Paka wake yungali pale pale, akilinda magunia ya mahindi dhidi ya panya, na kila Alhamisi jioni baba mtu mwenyewe humchana.

Wallahu aalam.