Utafiti katika makao ya wazee: nani anatunga maswali?

Katika Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mzee akiishiwa nguvu kwa kawaida hutunzwa nyumbani na watoto au wajukuu. Lakini familia nyingi za huko zilikimbia mauaji ya mwaka 1972. Baadhi ziliishi Tanzania kwa miongo kadhaa, na kuanzia 2007 maelfu ya wakimbizi hao wakahamishiwa Marekani. Warundi wengine wako Ulaya. Hivyo mtu aliyezaliwa kando ya ziwa anaweza kuzeekea katika makao ya ugenini, akihudumiwa kwa lugha asiyoielewa vyema. Watafiti wakibisha hodi hapo, nani ameamua waulize nini?

Mfano ulio wazi unatoka Uingereza. Mwaka 1996 huduma ya afya ya umma ilianzisha kikundi cha kuwashirikisha wananchi katika utafiti, kazi inayoendelezwa leo na taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, NIHR, iliyoundwa 2006. Kushirikishwa huko si kujaza fomu wala kutolewa damu. Mkazi wa makao, au ndugu yake, huketi na watafiti kabla kazi haijaanza, akachagua pamoja nao la kuchunguzwa na kusahihisha maelezo yasiyoeleweka. NIHR inashauri alipwe kwa muda wake, na ni haki. Mtafiti huenda akataka kuhesabu mara ambazo wazee wameanguka, ilhali mkazi anaumizwa zaidi na kusubiri kupelekwa msalani.

Ugumu ni kwamba wakazi wengi wana maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Kwa England na Wales, sheria ya mwaka 2005 inamtaka mtafiti amtafute mtu anayemjali mzee huyo, asiyelipwa kumtunza, amuulize mzee angependa nini lau angeweza kuamua mwenyewe. Mzee akionyesha kwa namna yoyote kwamba anataka kujitoa, hata kwa ishara, lazima aondolewe mara moja.

Hapo lugha ina uzito wake. Baadhi ya wagonjwa hawa hupoteza kwanza lugha waliyojifunza ukubwani, wakabakiwa na ile ya utotoni. Anayesema “sitaki” kwa Kiswahili au Kirundi mbele ya asiyezijua anaweza kuonekana hajasema kitu. Familia inayoombwa maoni inaweza kuomba mkalimani asiye mhudumu wa makao hayo, na kuuliza ni mkazi au ndugu gani aliyeshiriki kuandaa maswali.