Filimbi ya Bati na Elimu ya Sikio

Filimbi ya bati ni ala sahili mno kwa umbo: bomba jembamba lenye matundu sita na kipulizio. Robert Clarke, fundi wa Uingereza, alianza kuziunda kwa bati mwaka wa 1843, na kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, zilienea upesi miongoni mwa watu wa kawaida. Nchini Ayalandi, filimbi hii imekuwa mlango ambao wengi huingilia katika muziki wa jadi. Makala haya yanaeleza jinsi tuni za muziki huo zinavyofunzwa, na kwa nini wajuzi wake hulitanguliza sikio mbele ya karatasi.

Filimbi iliyozoeleka zaidi ni ile ya ufunguo wa D. Mchezaji akiziba matundu yote sita kwa nyama ya kidole, wala si kwa ncha, hupata sauti ya chini kabisa. Akiyafungua moja baada ya jingine kuanzia chini, hupanda ngazi ya sauti saba. Na akipuliza kwa nguvu zaidi, ngazi iyo hiyo hurejea kwa sauti ya juu. Mambo haya hujifunzwa kwa muda mfupi. Ugumu uko kwingineko.

Aghalabu tuni ya ngoma ya Kiayalandi ina sehemu mbili. Kila sehemu huwa na vipimo vinane, nayo hurudiwa kabla ya kuingia inayofuata. Hivyo mzunguko mmoja hutimiza vipimo 32. Muundo huu huisaidia kumbukumbu, jinsi vina na mizani vinavyomsaidia mghani wa shairi. Anayejifunza huisikiliza tuni mara nyingi, huiimba kwa silabi zisizo na maana, kisha huitafuta kwa vidole, kipande baada ya kipande.

Je, si rahisi zaidi kuisoma tuni hiyo kitabuni? Noti zilizoandikwa huonyesha sauti ipi hufuata ipi, lakini hunyamaza kuhusu mengi. Katika ngoma nyingi za kasi, noti huandikwa kana kwamba zina urefu sawa, ilhali mchezaji hurefusha hii na kufupisha ile ili wachezao wapate mwendo. Vilevile, kidole huinuliwa ghafla na kurudishwa ili kuipamba sauti, na mapambo hayo kwa kawaida hayaandikwi. Isitoshe, mpulizaji lazima avute pumzi. Kwa hivyo hudondosha noti moja mahali anapochagua mwenyewe. Asomaye tu hucheza kwa usahihi, lakini tuni yake huwa haina uhai.

Hata hivyo, maandishi hayafai kubezwa. Njaa kuu ya mwaka wa 1845 hadi 1852 iliwaua Waayalandi takriban milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Mchezaji alipokufa bila mrithi, tuni zake zilizikwa naye. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kati ya 1901 na 1905, alikusanya tuni kutoka kwa wahamiaji wenzake na kuchapisha 1,850 kati yazo mwaka wa 1903. La kustaajabisha ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na ujuzi wa kuandika noti. Alizihifadhi tuni kichwani, akamchezea mwenzake, James O'Neill, naye akaziandika. Kitabu hicho kikubwa, basi, kilizaliwa na sikio.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, suala hili si geni. Ngano iliyochapishwa hubakiza maneno, lakini hupoteza sauti ya fanani, ishara zake na kiitikio cha hadhira. Maandishi ni ghala. Si utendaji wenyewe. Lililo muhimu ni mpangilio: anayejifunza filimbi asikilize kwanza, acheze kando ya mjuzi, ndipo afungue kitabu ili ajikumbushe alichokwisha kukisikia. Wahenga walinena kwamba sikio halilali njaa. Lakini kwa mpiga filimbi, shibe ya sikio haina budi kutafutwa kwa bidii, tena mapema, kabla wenye tuni hawajaondoka nazo.