Umeme ukikatika, uniti za LUKU hukaa wapi?

Jirani yangu wa hapa Mafiga alinunua umeme kwa hela ya mwisho, usiku ukakatika. Asubuhi akaniuliza: uniti zimeliwa?

Hapana, mama. Ukishaingiza zile tarakimu 20, hesabu inaandikwa ndani ya mita, kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukizima, kama picha kwenye memori kadi ya simu.

Si kila chipu ina bahati hiyo. Zipo ambazo mtaalamu huzipangia kazi upya bila kuzing'oa. Xilinx ya Marekani ilileta za kwanza mwaka 1985. Nyingi zake, umeme ukizima, husahau hata kazi yao. Ukirudi, zinasomeshwa upya kutoka chipu ya pembeni. Hebu fikiria fundi cherehani anayesahau vipimo kila akilala! Hivyo watafiti wanazipachika kumbukumbu mpya, kwa mfano inayohifadhi kwa sumaku badala ya chaji. Flashi tuliyoizoea huchoka ikiandikwa mara elfu nyingi. Hii huvumilia zaidi sana.

Umeme ulirudi mchana. Uniti zilikuwepo zote. Perege wa kwenye friji ndio hawakungoja.